Kompaundi kidogo, uoshaji mzuri: kutunza rangi ya gari kwa bidhaa za kisasa

Simamisha gari jeusi juani likiwa limetoka kuoshwa, kisha angalia boneti pale mwanga unapopiga. Kulizunguka doa la mwanga utaona mikwaruzo myembamba mno, maelfu kwa maelfu, imejipanga kwa duara. Sogea hatua mbili kushoto, na duara nalo linasogea. Hakuna aliyelikwaruza gari kwa duara. Mikwaruzo imeelekea kila upande, ila jicho linaiona ile tu iliyokingamana na mwanga. Imetokana na dodoki, na ndoo moja yenye mchanga chini, na kipande cha fulana ya zamani kilichofuta rimu kabla ya kupanda mlangoni.

Dawa iliyozoeleka ni kumwita fundi apige kompaundi, yaani polishi kali yenye chembe zinazokwangua uso wa rangi. Siku hiyo gari linang'aa. Wiki mbili tatu baadaye mikwaruzo imerudi, na mwenye gari anaamini ameuziwa polishi feki. Mara nyingi haikuwa feki. Ilikuwa na mafuta, waksi na silikoni zilizojaza mikwaruzo badala ya kuiondoa, na sabuni kali ya kwanza ikazisafisha zote. Ubaya ni kwamba mashine ilishakwangua safu ya juu ya rangi, na safu hiyo haikui tena.

Hili ndilo linalotenganisha kazi ya zamani na ya sasa. Zamani gari lilikwanguliwa ili ling'ae. Sasa kazi kubwa ni kulizuia lisikwaruzike, na ikibidi kukwangua, kukwangua kidogo na mara chache. Bidhaa mpya ni nzuri kweli, lakini ukizitumia kwa mazoea ya zamani unapoteza fedha, na pengine rangi yenyewe.

Rangi ilibadilika, mazoea yakabaki

Magari ya miaka ya 1960 na 1970, akina Peugeot 504, Datsun na Land Rover za Series, kwa kawaida yalipigwa rangi ya mfumo mmoja: rangi yenyewe ndiyo ilikuwa uso wa gari, bila kitu juu yake. Jua liliikausha, ikapauka, juu ikabaki unga mweupe. Kompaundi iliondoa unga ule, polishi yenye mafuta ikaingia kwenye rangi iliyokauka, na waksi ikafunga kazi. Kwa rangi ile utaratibu huo ulikuwa sahihi, na ukilipata gari la namna hiyo leo, bado ni sahihi.

Kuanzia miaka ya 1980 viwanda vingi vilihamia mfumo wa rangi chini na safu angavu isiyo na rangi juu, ile mafundi wanayoiita klia. Kutoka kwenye bati kwenda juu kuna kinga ya kutu ya takribani mikroni 20 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), praima ya mikroni 30 hivi, rangi ya mikroni 15 hadi 20, kisha klia ya mikroni 35 hadi 50. Unywele wa binadamu una unene wa takribani mikroni 70. Kwa hiyo klia yote, ile inayobeba mng'aro na kuzuia jua, ni nyembamba kuliko unywele mmoja.

Ndani ya klia mna kemikali zinazonyonya miale ya urujuanimno. Ukiikwangua sana, kinga inayobaki haitoshi kwa jua letu. Klia inapauka kwanza, halafu inaanza kubanduka juu ya paa, boneti na buti, sehemu zinazolitazama jua siku nzima. Klia ikishabanduka hakuna polishi, waksi wala seramiki (kinga ya kimiminika inayoganda juu ya klia) itakayoirudisha. Hapo ni msasa na rangi upya.

Sasa piga hesabu. Polishi laini kwa pedi laini huondoa chini ya mikroni 1 kwa awamu. Kompaundi kali kwa pedi ya sufi inaweza kuondoa mikroni 2 au 3, na fundi akikazania mkwaruzo mmoja kwa muda mrefu, zaidi ya hapo. Gari linalopigwa kompaundi kila mwaka kabla ya sikukuu litaishiwa klia hata kama fundi ni hodari.

Jua unachokigusa

Kabla ya kufungua chupa yoyote, jua aina ya rangi. Kwenye Toyota tafuta kibao cha taarifa, ama kwenye nguzo ya mlango wa dereva ama ndani ya chumba cha injini, palipoandikwa rangi na trimu. Namba 040, ile nyeupe iliyojaa kwenye Hiace na Land Cruiser, kwa kawaida ni rangi ya mfumo mmoja, haina klia. Ukiipiga polishi, pedi inageuka nyeupe, na hilo ni jambo la kawaida. Nyeusi namba 202 nayo inajulikana kwa ulaini: kitambaa kikavu tu kinaacha alama. Namba 070, nyeupe ya lulu, ni mfumo wa tabaka tatu, na kuirekebisha sehemu moja ikafanana na nyingine ni kazi ngumu sana, kwa hiyo usiifanyie majaribio.

Usipopata namba, weka polishi kidogo kwenye kitambaa na usugue mahali palipojificha, mathalani ndani ya ukingo wa mlango. Gari la rangi lisugue kwa kitambaa cheupe. Gari jeupe lisugue kwa kitambaa cheusi, la sivyo hutaona kitu. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, hakuna klia. Lakini kama kibao kinasema gari lilitoka kiwandani na klia na bado rangi inahama, ujue klia imekwisha, na mashine iwekwe chini hapo hapo.

Sehemu kubwa ya magari yetu yamewahi kupigwa rangi upya, lote au paneli moja, kabla au baada ya kushushwa bandarini. Kipima unene wa rangi husaidia hapa. Kinasoma juu ya bati la chuma, na vingine juu ya aluminiamu pia, ila vile vya kawaida havisomi kwenye bampa za plastiki. Mikroni 90 hadi 150 mara nyingi ni rangi ya kiwandani. Ukiona 200 hadi 350, paneli imerudiwa. Ukivuka 500, chini yake huenda kuna puti ya kuziba mabonyeo. Wala usidhani rangi nene ndiyo salama: unene unaweza kuwa wa praima na puti huku klia ya juu ni hafifu.

Usipokuwa na kipima, kuna jaribio la gereji kwa magari yaliyorudiwa rangi. Chovya pamba kwenye thina na uguse mahali palipojificha. Rangi ya NC, ile inayokauka bila hadina (dawa ya kuigandisha), italainika na kuhamia kwenye pamba. Rangi ya 2K, ile inayochanganywa na hadina, ikiwa imekauka vizuri itavumilia. NC haifai kupakwa seramiki, na dawa kali ya kuondoa lami inaweza kuilainisha. Ipe shampuu, polishi laini ya mkono na waksi, basi. Na 2K mpya iache ipumue mwezi mmoja hadi miwili kabla ya kuifunga kwa waksi au seramiki, kwa sababu viyeyushi bado vinatoka.

Kuosha ndiko kunakoharibu

Mikwaruzo mingi haitoki barabarani, inatoka kwenye kuosha na kukausha. Ukiweza kubadilisha jambo moja tu kati ya yote yaliyomo humu, badilisha hili, hata kama hutanunua polishi maishani.

Anza na sabuni. Sabuni ya unga ya kufulia ina pH ya 10 hadi 11, yaani ni alkali. Imetengenezwa kung'oa mafuta kwenye nguo, na juu ya gari inafanya kazi hiyo hiyo: inang'oa waksi, inakausha raba za milango, na punje zisizoyeyuka zinasugua rangi. Sabuni ya vyombo ni pole zaidi, lakini nayo imeundwa kukata mafuta, hivyo waksi haidumu. Shampuu ya gari iko karibu na pH 7, na faida yake kubwa ni utelezi. Utelezi ndio unaoifanya punje ya mchanga iteleze pamoja na glavu badala ya kuburuzwa.

Gari liwe kivulini na bati limepoa. Weka kiganja cha mkono kwenye boneti: usipoweza kukiacha hapo kwa raha, subiri. Anza na magurudumu, kwa ndoo na brashi zake peke yake, maana vumbi la breki ni chuma. Kisha suuza bodi kwa mashine ya presha, baa 80 hadi 120 zinatosha, ncha ya bomba ikiwa sentimita 30 kutoka kwenye rangi, na mbali zaidi penye rangi iliyobanduka au stika. Piga povu: kwenye chupa ya lita 1 weka mililita 100 za sabuni ya povu na maji 900, iache dakika 3 hadi 5 bila kukauka, halafu suuza tena. Povu halisafishi gari lote, na halikusudiwi hivyo. Linalegeza na kushusha mchanga ambao vinginevyo ungeusugua kwa mkono.

Sasa ndoo mbili. Moja ina maji lita 10 na shampuu. Kama chupa inasema 1 kwa 500, hiyo ni mililita 20, vijiko vinne vya chai. Kuongeza zaidi kunaacha utando tu. Ndoo ya pili ina maji matupu, na chini yake wavu wa kuzuia mchanga. Osha paneli moja kuanzia paa kwenda chini, kwa mistari iliyonyooka, suuza glavu kwenye maji matupu huku ukiisugua kwenye wavu, ndipo uirudishe kwenye shampuu. Sehemu ya chini ya milango na bampa ya nyuma iwe ya mwisho kabisa. Glavu iwe ya maikrofaiba au sufi yenye manyoya marefu, mchanga upate mahali pa kujificha. Dodoki la sponji halina nafasi hiyo, linaushikilia mchanga usoni mwake na kuuburuza.

Kukausha ni nusu ya kazi. Taulo kubwa la maikrofaiba la gramu 500 kwa mita ya mraba au zaidi, lilaze juu ya maji na livute taratibu kwa uzito wake. Shami, ile ngozi ya zamani, inanyonya maji vizuri lakini haina nyuzi za kuficha punje iliyobaki. Maikrofaiba zifuliwe peke yake kwa maji ya vuguvugu, bila dawa ya kulainishia nguo inayoziba nyuzi, na bila kuchanganywa na pamba inayoacha manyoya. Iliyoanguka chini isirudi kwenye rangi mpaka ifuliwe.

Wengi hawana mashine ya presha, na penye mgao wa maji hata ndoo mbili ni anasa. Kwa hali hiyo kuna shampuu zisizohitaji kusuuzwa. Zinachanganywa takribani 1 kwa 256, yaani mililita 60 kwenye lita 15 za maji, na lita hizo zinatosha gari zima. Unatumia taulo 6 au 8 zilizolowa, kila upande wa taulo mara moja, huku ukikausha paneli baada ya paneli. Hii ni kwa vumbi la kawaida la mjini. Gari lililorudi na tope jekundu linahitaji maji ya kutiririka kwanza, hata kama ni ya jagi.

Mlinzi au kijana wa maegesho anayefuta gari kila asubuhi kwa kitambaa kikavu anafanya hivyo kwa heshima na bidii, na ndiye anayeliharibu kuliko mvua zote za masika. Vumbi letu lina mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko klia. Mpe chupa ya kupulizia yenye shampuu hiyo isiyosuuzwa pamoja na taulo mbili, umwonyeshe kulowesha kwanza, au umwombe aliache gari na vumbi lake. Gari lenye vumbi halidhuriki kwa kusimama.

Ya kuacha kabisa: dizeli na mafuta ya taa kwenye bodi, raba na matairi. Vinang'arisha kwa saa chache, vinavuta vumbi, na vinavimbisha raba. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4, ambayo wengine hupaka matairi yawe meusi, yanakula rangi. Tone moja likirukia fenda lioshe kwa maji mengi papo hapo.

Kilichoganda kwenye rangi

Gari safi kwa macho linaweza kuwa chafu kwa mkono. Vaa vidoleni karatasi laini ya nailoni, ile ya kufungia mkate inafaa kabisa, kisha pitisha kiganja juu ya boneti. Nailoni hukuza hisia. Ukisikia vipele, hivyo ni chembe za chuma, lami, utomvu wa miti na marasharasha ya rangi ya gereji za jirani.

Zamani vilikwanguliwa pamoja na rangi. Sasa vinayeyushwa kwanza. Dawa ya kuondoa chuma hupuliziwa kwenye gari lililooshwa na kupoa. Ikikutana na chembe za chuma hugeuka zambarau na kutiririka. Harufu yake ni mbaya, kwa hiyo fanya kazi nje ukiwa na glavu. Iache dakika 3 hadi 5, isikauke, suuza sana. Lami ina kiyeyushi chake: loweka, subiri dakika moja, futa bila kusugua.

Vinavyobaki ni kazi ya udongo maalumu wa kusafishia rangi. Kata gramu 50 hivi, ukandamize uwe kama chapati ndogo, nyunyizia kilainishi kingi, uteleze bila kukandamiza. Utasikia mkwaruzo wa sauti mwanzoni, halafu kimya. Ukunje kila unapochafuka upate uso mpya. Ukiudondosha chini, utupe. Punje moja iliyonata itachora boneti nzima. Kumbuka udongo wenyewe huacha alama hafifu kwenye rangi laini, kwa hiyo utumie pale tu unapokusudia kupiga polishi baadaye, mara moja au mbili kwa mwaka. Kuutumia kila mwezi ni kujitafutia mikwaruzo.

Kupiga polishi bila kumaliza klia

Kompaundi za zamani zilikuwa na chembe kubwa zisizo sawa, na ziliendeshwa na mashine ya rotari yenye pedi ya sufi. Mashine hiyo huzungusha pedi mahali pamoja kwa nguvu yote. Mkononi mwa mjuzi inafanya kazi haraka. Mkononi mwa anayejifunza inachemsha rangi, inachoma kingo, na inaacha mawimbi ya mwanga yanayoonekana vizuri kwenye magari meusi. Polishi za sasa zina chembe za alumina zilizosagwa kwa usawa, na mashine ya DA huzunguka huku ikiyumba, kwa hiyo joto haliji mahali pamoja. Ni polepole zaidi, na ndiyo ya kumpa mtu asiye na uzoefu wa miaka.

Funika kingo, mikunjo na plastiki kwa tepu ya karatasi. Penye ncha za mikunjo rangi ni nyembamba kuliko popote, na ndipo inapotoboka. Chagua eneo la majaribio la sentimita 50 kwa 50 kwenye boneti, anza na polishi laini kwa pedi laini. Ikitosha, umekwisha jua kazi nzima. Isipotosha, badilisha pedi kabla ya kubadilisha dawa: pedi ngumu kidogo na polishi ile ile mara nyingi inamaliza kazi. Kompaundi iwe hatua ya mwisho.

Weka matone manne ya ukubwa wa kunde kwenye pedi. Yapake kwa mwendo wa chini bila shinikizo, kisha panda namba 4 au 5, kandamiza kiasi tu cha pedi kuendelea kuzunguka, na sogeza mkono sentimita 2 hadi 3 kwa sekunde. Pita wima, halafu mlalo, awamu 4 hadi 6. Kosa la kawaida ni kukimbiza mkono, na la pili ni kukandamiza mpaka pedi isimame: mashine inanguruma, hakuna kinachokatwa. Chora mstari wa kalamu pembeni mwa bamba la pedi, uone kama bado inazunguka.

Safisha pedi kwa brashi au hewa kila baada ya eneo, na uwe na pedi 4 hadi 6 kwa gari. Pedi iliyojaa rangi na dawa iliyokauka inakwaruza yenyewe, na ikipata moto gundi yake inaachia. Polishi ikitoa vumbi jingi au ikanata, ama uso una joto, ama dawa ni nyingi.

Sasa uone ukweli. Changanya sehemu 1 ya alkoholi ya isopropili ya asilimia 70 na sehemu 4 za maji safi, pulizia, futa, halafu mulika kwa tochi kali ukiwa pembeni. Mafuta ya polishi yameondoka, kinachobaki ni hali halisi. Ukimlipa fundi, omba afute hivi mbele yako kabla hujalipa. Mkwaruzo unaoingia ukucha usiuandame. Umevuka klia au umekaribia, na kuufuta maana yake ni kuifuta klia yote inayouzunguka. Uzungushie kingo zake, ulainike machoni, uuache.

Waksi, polima au seramiki

Waksi ya karnauba hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Inayeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86, ila kwenye kopo huchanganywa na mafuta na viyeyushi, hivyo juu ya boneti jeusi linalopikwa na jua hudumu wiki kadhaa tu. Inapendeza, ni rahisi kupaka na kuondoa, na kwa rangi ya mfumo mmoja bado ni chaguo zuri. Kinga ya polima hudumu miezi mitatu hadi sita. Mbali na hizo kuna dawa za kupulizia zenye silika (madini ya jamii ya mchanga na kioo): unapuliza kwenye gari lililooshwa, unafuta kwa taulo moja, unakausha kwa jingine. Kwa gari linalolala nje na kuoshwa kila wiki, hii ya kupulizia kila miezi mitatu ndiyo matumizi bora ya fedha, na watu wengi wanaonunua seramiki wangeridhika nayo.

Seramiki inastahili maelezo zaidi kwa kuwa inauzwa kwa maneno makubwa. Ni kimiminika cha jamii ya silika ambacho kikikutana na unyevu wa hewa huganda na kushikamana na klia. Unene wake, tabaka moja, ni takribani mikroni 1, wakati mwingine pungufu. Ile 9H ya kwenye boksi ni kipimo cha penseli: penseli 9H imesukumwa juu ya utando bila kuuchana. Haisemi chochote kuhusu mchanga, na mchanga wa barabarani utaukwaruza. Inachokupa kweli ni uso unaoteleza, usioshikana na uchafu, unaovumilia kemikali kuliko waksi, na unaopunguza kazi ya kuosha kwa mwaka mmoja hadi mitatu. Haizuii mawe. Kwa mawe kuna filamu ya kinga yenye mikroni 150 hadi 200, na bei yake ni ya juu.

Kwa kuwa inafunga chochote kilicho chini yake, polishi na ufutaji wa alkoholi lazima vitangulie. Chupa ya mililita 30 inatosha gari dogo, 50 kwa gari kubwa. Lowesha kipakio kwa matone 8 hadi 10, paka sentimita 40 kwa 40, wima kisha mlalo. Karatasi ya maelekezo huenda ikasema subiri dakika 2 hadi 5. Pwani, penye joto na unyevu mwingi, dawa inaganda mapema: fuatilia uso badala ya saa. Ukiona mng'ao wa rangi za upinde unatokea na kuanza kujikusanya, futa, hata kama ni sekunde 40 tu. Taulo la kwanza linasawazisha, la pili linamalizia. Mulika tochi kutoka pembe tofauti kabla ya kwenda eneo jingine, kwa sababu kivimbe cheusi kilichoachwa leo, kesho hakitoki kwa kitambaa. Kitaondolewa kwa polishi, na seramiki ya eneo hilo inaanza upya. Taulo zilizotumika zitupe. Silika ikigandia ndani yake zinakuwa msasa.

Gari lisiguswe na maji kwa saa 12 hadi 24. Umande nao ni maji, kwa hiyo lilale ndani. Shampuu isubiri siku 7.

Maji ya visima vya pwani yana chumvi na chokaa, na hapa seramiki ina udhaifu wake: matone yanasimama wima, jua linayakausha, duara jeupe linabaki. Usiache gari lijikaushe. Madoa mapya hutoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu: loweka kitambaa, kilaze juu ya doa dakika moja, suuza vizuri. Yaliyokaa wiki kadhaa chini ya jua yamekwisha chimba, na yanahitaji polishi.

Kunguru wa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa hawachagui gari lenye seramiki au lisilo nayo. Kinyesi chao kina asidi, na mchana klia yenye joto inalainika na kutanuka chini yake, jioni inapoa na kukaza kulifuata doa. Weka kwenye buti chupa ya shampuu isiyosuuzwa na taulo fupi. Lowesha, funika kwa taulo lililolowa dakika mbili mpaka kilainike, kisha inua kuelekea juu badala ya kufuta, kwa sababu ndani yake mna mbegu na mchanga. Likibaki kovu lenye kingo, lijaribu kwanza kwa mkono na polishi laini siku inayofuata, bati likiwa limepoa.